Mikoko na Kupanda kwa Bahari



Nataka kuzungumza nanyi leo habari za miti ambayo kila mtu wa pwani aijua, lakini ni wachache waitazamao mara mbili. Miti hiyo ni mikoko. Boriti za nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilikatwa katika mikoko, na fito za nyumba za udongo kadhalika. Maganda ya mkandaa yalitumiwa kwa kuchua ngozi na kutia rangi. Kamba wanaouzwa sokoni walikua katika vijito vilivyo chini ya vivuli vyake. Mambo hayo hayahitaji mwalimu wa kuyaeleza. Lakini liko swali ambalo halisikiki mara nyingi, nalo ni hili: bahari ikipanda, si kwa saa sita kama ijaavyo kila siku, bali kwa miaka mia na kwa miaka elfu, mikoko hufanya nini?

Mtu aweza kujibu upesi kwamba mikoko ni miti ya maji ya chumvi, kwa hiyo maji yakizidi haina hasara. Jibu hilo si sahihi. Mikoko haikai baharini, wala haikai nchi kavu. Hukaa katika ukanda mwembamba ulio kati ya maji kupwa na maji kujaa. Mizizi yake lazima ipate hewa maji yanapopwa. Ndiyo maana mchu hutoa mizizi midogo iliyosimama juu ya tope kama vidole, na mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopindana kama miguu ya kiti. Mizizi hiyo ikifunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi, mti hukosa pumzi, nao hufa.

Tena ndani ya ukanda huo kila namna ya mti ina makao yake. Ukitoka baharini kwa ngalawa ukaingia horini, mara nyingi utakutana kwanza na mlilana, ambao hustahimili kusimama majini kuliko wenzake. Nyuma yake huja mkoko, kisha msinzi na mkandaa. Mchu huvumilia chumvi nyingi, na kwa hiyo huonekana mbele na hata nyuma kabisa, pale bamvua tu ndiyo ifikayo. Karibu na maji matamu ya mto utaona mkomafi na msikundazi. Basi msitu wa mikoko ni kama ngazi, na kila mti umesimama katika kidato chake. Bahari ikipanda hata kwa kimo cha shibiri moja, kila kidato huwa kimeshuka, na kila mti hujikuta mahali pasipoufaa.

Sasa yafaa tujue kwamba bahari haikukaa siku zote mahali ilipo leo. Miaka 20,000 hivi iliyopita sehemu kubwa za kaskazini ya dunia zilifunikwa na barafu nene sana. Maji ya barafu ile yalikuwa yametoka baharini, na kwa hiyo bahari ilishuka hata ikawa chini ya kimo chake cha leo kwa mita 120 au zaidi. Mkondo wa bahari ulio kati ya Unguja na bara una kina kidogo, nao ulikuwa nchi kavu; mtu angaliweza kwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo mpaka Unguja bila kulowana nguo. Mafia nayo ilishikamana na bara. Pemba ilibaki kisiwa, maana maji yaliyo kati yake na bara ni ya kina kikubwa mno.

Halafu dunia ikapata joto, barafu ikayeyuka, na maji yakarudi baharini. Katika muda ulio kati ya miaka 15,000 na miaka 8,000 iliyopita, bahari ilipanda kwa wastani wa zaidi ya sentimita 1 kila mwaka. Kisha, yapata miaka 7,000 iliyopita, kasi hiyo ilipungua sana. Tangu wakati ule bahari ya pwani yetu imepanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu. Misitu ya mikoko tuionayo leo katika Rufiji, Lamu, Gazi, Chwaka na kwingineko ilipata nafasi ya kutulia na kupanuka katika utulivu ule.

Msikilizaji aweza kuuliza: mambo ya miaka elfu nyingi yamejulikanaje, na hapakuwa na mtu wa kuyaandika? Yameandikwa katika tope. Kila mwaka tope jipya hutua juu ya tope la zamani, kama kurasa za kitabu. Wataalamu hushindilia bomba refu chini, kisha hulitoa likiwa limejaa udongo uliopangika kwa tabaka. La chini ni la kale, la juu ni la jana. Ndani ya udongo huo hutafuta chavua, yaani unga mdogo sana utokao katika maua. Chavua ya mkoko haifanani na ya mchu, wala ya mchu haifanani na ya nyasi, na katika tope lisilo na hewa unga huo hauozi kwa maelfu ya miaka. Umri wa tabaka hupimwa kwa kaboni iliyomo katika mabaki ya mimea. Hivyo mtaalamu aweza kusema: hapa, katika zamani fulani, ulisimama msitu wa mikoko; kisha ukaja mchanga wa bahari; kisha zikaota nyasi za nchi kavu.

Kazi ya namna hiyo imefanywa katika nchi yetu. Mtaalamu Paramita Punwong na wenzake walichunguza tope la delta ya Rufiji, na tena la Unguja Ukuu na ghuba ya Makoba katika kisiwa cha Unguja, wakatoa taarifa zao mwaka 2013. Chavua waliyoikuta yaonyesha kwamba msitu haukukaa mahali pamoja. Bahari ilipopanda, mikoko ilisogea kuelekea bara; bahari iliposhuka, ilirudi kuifuata. Kwa ufupi, msitu wa mikoko hutembea. Mti mmoja mmoja haung'oki ulipo, lakini msitu mzima husogea, kizazi baada ya kizazi, kama mji ambao wazee hubaki katika nyumba za zamani na vijana hujenga upande wa pili.

Basi mikoko ina njia mbili za kushindana na bahari, na ni vema tuzitazame moja moja.

Njia ya kwanza ni kuinua sakafu yake. Mto huleta udongo kutoka bara, na maji yanayojaa huleta tope kutoka horini. Maji yale yaingiapo kati ya mizizi hupoteza nguvu, na maji yasiyo na nguvu huangusha mzigo wake. Kwa hiyo kila bamvua huacha utando mwembamba wa tope. Juu ya hayo, mizizi midogo huota na kufa ndani ya ardhi, lakini kwa kuwa hewa ni haba haiozi upesi. Hujazana na kuipandisha ardhi kutoka ndani. Viko visiwa vidogo katika nchi ya Belize, huko Amerika ya Kati, ambavyo havina mto wa kuviletea udongo. Huko mikoko imejijengea sakafu kwa mizizi yake yenyewe, hata mabaki hayo yamefikia kina cha mita 10 hivi katika muda wa miaka elfu saba au nane. Yaani kadiri bahari ilivyopanda polepole, msitu nao ulipanda juu ya mifupa ya wazee wake.

Njia ya pili ni kuhama. Mbegu ya mkoko huanza kuota ingali mtini; hutoa mche mrefu wa kijani, nao ukiwa tayari huanguka, ukachomeka katika tope au ukaelea na maji hata ukapata mahali pa kushika. Bahari inapopanda, maji ya bamvua hufika mbali zaidi kuliko zamani, nayo huchukua miche hiyo mpaka nyuma ya msitu. Huko miche huota, huku miti ya mbele ikifa kwa kukosa pumzi.

Tufanye hesabu ndogo, kama tufanyavyo darasani. Tuseme nchi iliyo nyuma ya msitu imelala, hata ukienda mita 1,000 umepanda mita 1 tu. Nchi za namna hiyo ni nyingi pwani. Bahari ikipanda sentimita 10, ambayo ni urefu wa kidole kirefu tu, mpaka wa maji utasogea bara mita 100. Msitu nao utataka mita 100 hizo. Ikipanda nusu mita, utataka mita 500. Hapo twaona kwamba jambo lionekanalo dogo likipimwa kwa kimo, huwa kubwa likipimwa kwa mashamba.

Ukizitazama njia hizo mbili utaona kwamba zahitaji vitu vitatu. Kuinua sakafu kwahitaji udongo. Kuhama kwahitaji nafasi. Na zote mbili zahitaji muda. Kitu kimoja kikipungua, chaweza kusaidiwa na vingine. Vyote vitatu vikipungua pamoja, msitu hauna msaada.

Tuanze na muda. Mwaka 2020 Neil Saintilan wa Australia na wenzake walitoa hesabu waliyoikusanya kutoka mahali 78 duniani, wakilinganisha kasi ya bahari ya kale na umri wa misitu ya mikoko. Waliona kwamba bahari ilipopanda kwa kasi ya zaidi ya milimita 6 au 7 kwa mwaka, mikoko haikuweza kuinua sakafu yake vya kutosha. Katika zamani zile za kuyeyuka kwa barafu misitu ilizama, na iliyookoka ni ile iliyopata njia ya kuhama. Katika sakafu ya bahari iliyo kati ya Malaysia, Vietnam na Indonesia, tope na mabaki ya mikoko ya kale yamepatikana chini ya maji ya kina kirefu, mahali ambapo leo hapana mti wowote.

Na sasa je? Wataalamu wa dunia nzima wanaochunguza hali ya hewa wamehesabu kwamba tangu mwaka 1901 hata 2018 bahari ilipanda sentimita 20 kwa wastani. Lakini kasi haikuwa moja. Katika miaka ya 2006 hata 2018 ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka, nayo yaendelea kuongezeka, kwa sababu hewa na maji ya bahari yazidi kupata joto kutokana na moshi wa makaa ya mawe na mafuta. Wazee husema, maji yakijaa hupwa. Hiyo ni kweli kwa maji ya kila siku. Lakini kujaa huku hakutapwa siku zetu, wala za wajukuu wetu. Mpaka wa milimita 6 au 7 haujavukwa, ila tunaukaribia.

Pili, udongo. Hapa natuchukue mfano wa Rufiji, maana delta yake ina hektari 50,000 hivi za mikoko, na hakuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kama huo katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mto Rufiji hukusanya maji ya nchi yenye eneo la kilomita za mraba 177,000 hivi, kupitia Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mito hiyo mitatu hukutana juu ya korongo lililoitwa Stiegler, na tope lake limekuwa likishuka kwa maelfu ya miaka kuijenga delta. Katika korongo hilo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Umeme huo ni neema kwa taifa, wala sina nia ya kuulaumu. Lakini kila bwawa kubwa hutuliza maji, na maji yaliyotulia, kama tulivyokwisha kusema, huangusha mzigo wake. Mchanga na tope linalobaki bwawani halifiki delta.

Mambo haya yamekwisha kuonekana kwingine. Bwawa kuu la Aswan katika Misri lilimalizika mwaka 1970, na tangu hapo delta ya mto Nili haipati tope lake la kale. Pwani ya Rosetta, ambayo zamani ilikuwa ikisonga mbele, imeliwa na mawimbi vibaya sana. Rufiji si Nili, na huenda mito midogo iliyo chini ya bwawa ikaendelea kuleta udongo kidogo. Hata hivyo yafaa kupima tope la delta mwaka hata mwaka, tusije tukajua hasara baada ya kupatikana.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba udongo ukizidi ndiyo heri zaidi. Katika mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998, mafuriko yalishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache karibu na Mombasa, ukaifukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa. Utando mwembamba kila bamvua ni chakula. Lundo la siku moja ni kaburi. Mwenye kulima mlimani bila kuweka matuta, naye yumo katika habari hii ya pwani, ajapokuwa hajapata kuiona bahari.

Tatu, nafasi. Hili ndilo jambo ambalo laniudhi zaidi kwa kuwa ni rahisi zaidi kulisahau. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji iliacha njia za kusini za delta ikashika za kaskazini. Maji matamu yalipokwenda kaskazini, wakulima wa mpunga waliyafuata, wakakata mikoko wakapanda mpunga. Mkulima hana kosa kwa kutaka kulisha watoto wake. Lakini tazama mashamba hayo yako wapi: yako pale pale ambapo msitu utataka kupita ukihama. Na chumvi ikizidi kupanda mtoni pamoja na bahari, mpunga utakuwa wa kwanza kuionja. Hapo mkulima na mkoko watagombania kipande kimoja cha ardhi, na bahari itawashinda wote wawili.

Kaskazini ya Malindi, katika nchi ya Ngomeni na Gongoni, nyuma ya mikoko yamechimbwa mashamba makubwa ya chumvi yenye kuta za udongo. Kunduchi karibu na Dar es Salaam ni vivyo hivyo. Mahali pengi pengine ni barabara, ukuta wa hoteli, au nyumba za watu. Msitu wenye bahari mbele na ukuta nyuma ni kama mtu aliyekaa kati ya moto na mlango uliofungwa. Kwa macho aonekana mzima, hata miaka ishirini, lakini njia ya kutokea hana. Tena iko ile nchi tupu yenye chumvi iliyo nyuma ya mikoko, ambayo watu huiita jangwa na kuiona haina faida. Nchi hiyo ndiyo uwanja ambao mchu utaukalia kwanza bahari itakapopanda. Anayeigawa viwanja kwa kuwa ni tupu amegawa nyumba ya kesho ya msitu.

Basi tufanye nini? Kupanda mikoko ni jambo jema, na watu wa vijiji vingi wamefanya kazi ya kusifiwa. Huko Gazi, kusini ya Mombasa, wanakijiji walianza mwaka 2013 mpango uitwao Mikoko Pamoja, ambao hulinda na kupanda msitu, na fedha zinazopatikana hutumiwa kwa maji na shule. Lakini miche mingi ya nchi mbalimbali imekufa kwa sababu ilipandwa mbele mno, katika tope la chini ambalo maji hayaliachi muda wa kutosha. Bahari inapopanda, shauri jema ni kutazama nyuma. Mwenye kutaka kuhifadhi mikoko na ahifadhi kwanza ardhi iliyo nyuma ya mikoko. Wenye kupima viwanja wauachie msitu njia. Ukuta wa chumvi uliokwisha kuachwa ubomolewe ili maji yaingie. Na ramani ya kijiji ionyeshe mahali ambapo bamvua itafika miaka hamsini ijayo, pamoja na mahali ifikapo leo.

Nanyi wasikilizaji mlio pwani mwaweza kujua msitu wenu umeshika njia gani, bila bomba wala chombo chochote. Siku ya bamvua nendeni nyuma ya mikoko. Mkikuta miche ya mchu inaota katika jangwa lililokuwa tupu, au minazi ya pembeni inakauka vichwa kwa chumvi, msitu unahama. Kisha nendeni mbele, upande wa bahari. Mkikuta visiki na miti iliyokufa imesimama majini, nao ni ushahidi wa jambo lile lile. Wekeni kigingi, andikeni tarehe, mwaka ujao mrudi kutazama. Walimu na wafanye kazi hii pamoja na wanafunzi wao, kwa maana daftari la shule moja lililotunzwa miaka kumi litakuwa na thamani kuliko maneno mengi.

Mikoko imekwisha kuishi katika bahari iliyopanda zaidi ya mita 120, nayo ilifika hapa ilipo kwa sababu hapakuwa na kitu nyuma yake cha kuizuia. Safari hii sisi tuko nyuma yake. Tukiiachia njia, itaendelea kuvunja mawimbi mbele ya vijiji vyetu na kulea kamba wetu. Tukiifungia, mawimbi yatafika penye ukuta wenyewe, na hapo hapatakuwa na mti wa kuyapunguza nguvu.